Mnyoo Mwenye Kichwa cha Jembe

Watoto, leo tutasoma habari za mnyama asiye na mguu wala mfupa. Hana moyo, hana damu, hana mapafu, hana pua. Kinywa chake hakiko kichwani, kiko chini ya tumbo, katikati ya mwili. Mtu akimkata kwa panga, hafi; mara nyingi kila kipande huota sehemu iliyopungua, kikawa mnyama mzima. Anayesikia hayo kwa mara ya kwanza atasema: «Hizo ni hadithi za mazimwi.» Sivyo. Mnyama huyo yuko, huishi juu ya udongo, na kwa lugha ya wataalamu jina lake ni Bipalium kewense. Sisi tutamwita mnyoo wa kichwa cha jembe.

Umbo lake

Chukua rula yako ya shule, ile ya santimetri 30, uiweke juu ya meza. Mnyoo wetu aliye mkubwa akijinyosha hufika mwisho wa rula hiyo, na pengine huupita. Lakini upana wake ni milimetri chache tu. Ni kama kamba ya kiatu iliyolowa. Rangi yake ni ya kahawia nyepesi, kama chai ya maziwa, na mgongoni ana mistari 5 iliyokoza, inayoshuka mpaka mkiani. Shingoni pana alama nyeusi, kama ukosi wa shati usiofungwa vizuri.

Sasa tazama kichwa. Mwili wote ni mwembamba, lakini kichwa kimetanuka kushoto na kulia kama mwezi mwandamo, au kama jembe lililotiwa mpini. Ndiyo sababu ya jina Bipalium. Wale kati yenu watakaojifunza Kilatini watalikuta neno hilo katika habari za mashamba ya Warumi: bipalium ilikuwa sepetu ya kupindulia udongo. Aliyelichagua ni mtaalamu wa Marekani, William Stimpson, mwaka 1857. Mimi naona alichagua vema kuliko wale wanaosema kichwa hicho ni nyundo. Nyundo ni nene, na kichwa cha mnyoo huyu ni chembamba kama jani.

Akitembea, huinua kichwa kidogo na kukipeleka huku na huku, kama kipofu apapasaye njia kwa fimbo. Ukingoni mwa kichwa, upande wa chini, mna vishimo vidogo sana vinavyonusa. Juu ya kichwa, na ubavuni pia, yamepangwa macho mengi madogo kama nukta za kalamu. Macho hayo hayaoni nyumba wala mti. Yanajua tu kutenga mwanga na giza. Hayo yamtosha, maana mwanga kwake ni hatari.

Kwa nini ni hatari? Kwa sababu ngozi yake haina magamba wala nywele za kuzuia maji yasitoke mwilini. Akikaa juani kitambo kidogo hukauka na kufa. Basi mchana hujificha chini ya mawe, magogo, majani yaliyooza na vyungu vya maua. Usiku, au baada ya mvua, hutoka kuwinda. Huteleza juu ya ute wake mwenyewe. Chini ya tumbo ana ukanda mweupe wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo hupigapiga ute huo na kumsukuma mbele. Akitaka kushuka toka jani la juu, huweza kujiteremsha kwa uzi wa ute, kama afanyavyo buibui.

Kwa nini ni bapa

Mtoto mwenye akili atauliza: kama hana mapafu, anapumuaje? Hupumua kwa ngozi. Hewa hupenya ngozi yenye unyevu na kuingia ndani. Lakini hana damu ya kuichukua hewa hiyo na kuipeleka mbali. Basi kila sehemu ya mwili sharti iwe karibu na ngozi. Chukua nguo mbili zilizofuliwa. Moja uitandaze juu ya majani, ya pili uikunje iwe kama mpira. Jioni ile iliyotandazwa imekauka yote; ile iliyokunjwa bado ina maji ndani, kwa sababu hewa haikuifikia. Vivyo hivyo mnyoo asiye na damu, kama angekuwa mnene kama kidole gumba, angekosa hewa katikati ya mwili. Ubapa wake ndio unaomwezesha kuishi.

Na chakula je? Bila damu, ni nani atakayekipeleka toka tumboni mpaka kichwani na mkiani? Utumbo wenyewe. Una matawi makuu matatu: moja laelekea kichwani, mawili yaelekea mkiani. Na kila tawi lina vijitawi vingi, kama mto Kongo na mito midogo inayouingia. Kumbukeni matawi hayo matatu, tutayarudia. Tena utumbo huo hauna mlango wa nyuma. Mabaki hutoka kwa kinywa kile kile kilichoingiza chakula.

Minyoo si taifa moja

Watu husema «mnyoo» kwa kila kiumbe kirefu, laini, kisicho na miguu. Kwa mazungumzo ya njiani neno hilo latosha. Kwa mwanafunzi halitoshi. Tukiwatazama vizuri tutakuta mataifa matatu makubwa.

Nyungunyungu wa shambani ni wa taifa la minyoo ya pete. Mpitishie kidole polepole: utaona mwili wake umegawanyika pete moja baada ya nyingine toka mbele mpaka nyuma. Ana damu nyekundu, ana kinywa mbele na njia ya kutolea mavi nyuma. Ruba wa majini naye ni wa taifa hilo.

Mchango, ule unaokaa tumboni mwa watoto wasionawa mikono, ni wa taifa la minyoo ya mviringo. Mwili wake ni kama waya laini, hauna pete, na ncha zake mbili zimechongoka.

Mnyoo wa kichwa cha jembe si ndugu wa hao. Yeye ni wa taifa la minyoo bapa, liitwalo Platyhelminthes. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni hiyo hiyo: minyoo bapa. Mkimlinganisha na nyungunyungu mtasema wanafanana, maana wote wawili ni warefu na laini, tena hukaa katika udongo mmoja. Lakini kwa ndani wametengana kabisa. Nyungunyungu ana damu, na huyu hana. Yule ana milango miwili ya utumbo, na huyu ana mmoja. Na jambo la ajabu ni hili: nyungunyungu ndiye chakula chake.

Wataalamu huwapanga wanyama kama wazee wanavyopanga jamaa. Taifa lina makabila ndani yake, kabila lina koo, ukoo una milango, na ndani ya mlango kila aina ina jina lake. Ziko ngazi nyingine za katikati, nami naziruka kwa kuwa zingewachosha bure. Taifa la mnyoo wetu mmekwisha kulisikia. Kabila lake huitwa Tricladida, yaani wenye matawi matatu. Nanyi mnajua sasa matawi hayo ni yapi. Wa kabila hili huitwa pia planaria. Wengine huishi katika mito na maziwa, wengine baharini. Ukoo wake, Geoplanidae, ni wa planaria wa nchi kavu. Aina zaidi ya 800 zimekwisha kuandikwa. Mlango wake ni Bipalium, na jina lake mwenyewe ni kewense. Angalieni jinsi tunavyoandika: jina la mlango huanza kwa herufi kubwa, jina la aina huanza kwa herufi ndogo, hata kama limetokana na jina la mji.

Ndugu zake wabaya

Katika taifa hili la minyoo bapa wamo wengine mnaowajua kwa sababu ya ugonjwa. Tegu ni mnyoo bapa. Mtu hupata tegu kwa kula nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva vizuri; tegu wa ng'ombe aweza kupita metri 5 ndani ya utumbo wa mtu. Yeye hana hata kinywa wala tumbo. Hufyonza kwa ngozi chakula ulichokwisha kukisaga wewe. Minyoo ya kichocho ni bapa vilevile. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua mjini Cairo, nchi ya Misri, mwaka 1851, na ugonjwa wake huitwa bilhazia kwa ajili yake. Vijana wa mnyoo huyo hutoka katika konokono wa majini, nao huipenya ngozi ya mtu anayeoga au kuteka maji. Ugonjwa huo uko katika sehemu nyingi za Kongo.

Je, mnyoo wa kichwa cha jembe aweza kuingia mwilini mwa mtu kama hao? Hapana. Huyu ni mwindaji. Hutembea na kutafuta riziki yake udongoni. Hakai ndani ya mtu wala ndani ya mnyama mwingine. Watu wakimwona chini ya choo baada ya mvua hudhani ametoka tumboni mwa mtu. Hayo si kweli.

Jinsi alivyopata jina

Katika London, nchi ya Uingereza, iko bustani kubwa iitwayo Kew. Humo wamekusanya mimea ya dunia nzima. Lakini Ulaya ina baridi kali, na mgomba au mchikichi ukipandwa nje utakufa. Basi wamejenga nyumba za vioo zenye joto na unyevu wa msitu wetu. Ndani ya nyumba hizo alionekana mnyoo mrefu mwenye kichwa kipana, ambaye hakujulikana.

Alipelekwa kwa Henry Moseley. Bwana huyo alikuwa amezunguka dunia katika merikebu Challenger toka mwaka 1872 mpaka 1876 kuchunguza bahari na viumbe, na mwaka 1874 yalitangazwa maandiko yake juu ya planaria wa nchi kavu wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Hakukosa ujuzi. Alimchunguza mnyoo, akaona ni aina mpya, na mwaka 1878 akamtangaza kwa jina la kewense, yaani «wa Kew».

Lakini Kew si kwao. Ni kama kumkuta mgeni katika stesheni ya gari la moshi, akakosa kusema atokako, nanyi mkamwita Mtu wa Stesheni. Alikuja na udongo wa mmea fulani. Mmea upi, wa nchi ipi, hakuna aliyekuwa ameandika. Vyungu vilikuwa vingi na vilitoka pande zote. Baadaye alionekana katika nyumba za vioo na bustani za nchi nyingine. Katika Marekani amejulikana toka mwaka 1901. Kila mahali alikuwa mgeni. Mtaalamu wa Australia, Leigh Winsor, alikusanya habari zote zilizoandikwa juu yake na kulinganisha minyoo ya nchi mbalimbali, na mwaka 1983 akaonyesha kwamba asili yake ni Vietnam na Kambodia, pengine mpaka Malaysia. Hesabuni wenyewe: toka 1878 mpaka 1983 ni miaka 105. Muda huo wote alikuwa na jina, lakini nyumbani kwake hapakujulikana.

Anavyokula na anavyoongezeka

Akisikia harufu ya nyungunyungu, mnyoo wetu humfuata hata ndani ya tundu. Humpanda, humkumbatia kwa mwili wake wote na kumnata kwa ute. Nyungunyungu hujipindapinda kwa nguvu, lakini ute haumwachi. Ndipo mwindaji hutoa koo lake nje kwa kinywa kile cha tumboni. Koo hilo ni kama kitambaa cheupe chenye mikunjo. Hana meno. Humwaga maji makali yanayoyeyusha nyama, kisha hufyonza kama mtu anywaye uji.

Ana silaha nyingine tena. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamekuta ndani ya mwili wake sumu iitwayo tetrodotoksini. Ni sumu ile ile ya samaki bunju wa bahari, ambaye akiliwa ovyo huua watu. Yadhaniwa kwamba sumu hiyo humsaidia kumlegeza nyungunyungu aliye mkubwa kuliko yeye. Lakini mtoto asiogope kupita kiasi: mnyoo huyu haumi watu wala harushi sumu.

Kama hapati chakula, hafi upesi. Hula mwili wake mwenyewe toka ndani, akapungua urefu, akingoja siku njema. Pengine hula wenzake pia.

Sasa habari ya kukatika. Kila mnyoo wa aina hii ni mume na mke pamoja, na aweza kutaga mayai katika kifuko chenye ganda. Hata hivyo katika nchi za ugenini mara nyingi hafanyi hivyo. Hugandisha ncha ya mkia juu ya jiwe au jani, kisha hujivuta mbele mpaka mkia unakatika. Kipande kile huanza kutembea saa ile ile, bila kichwa! Baada ya siku 7 mpaka 10 kimeota kichwa. Mama huachilia kipande kimoja au viwili kila mwezi. Haitaji mwenzi, haitaji kiota. Basi mnyoo mmoja tu aliyeletwa ndani ya chungu kimoja cha maua atosha kuanzisha kundi zima. Na mkulima anayemkasirikia na kumkatakata kwa jembe amemfanyia kazi yake.

Kwa nini tujali

Mtu aweza kusema: «Mnyoo ala mnyoo, hayo yatuhusu nini?» Charles Darwin, ambaye mwaka 1844 aliandika juu ya planaria wa nchi kavu aliowaokota katika safari yake, mwaka 1881 alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu. Alipima udongo ambao nyungunyungu huumeza na kuutoa juu ya ardhi. Akakuta kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, eka moja ya shamba hupata tani zaidi ya 10 za udongo mkavu kila mwaka kwa njia hiyo. Eka moja ni uwanja usiofika metri 64 kila upande. Nani kati yetu atalima kiasi hicho bila mshahara? Matundu ya nyungunyungu huingiza maji ya mvua na hewa mpaka mizizini. Majani makavu huyavuta chini, yakawa mbolea.

Huko Vietnam na Kambodia mnyoo wa kichwa cha jembe ana mahali pake, na nyungunyungu hawakuisha kwa sababu yake. Ugenini habari ni nyingine. Katika Marekani, watu wanaofuga nyungunyungu ili kuwauza kama chambo cha samaki wamepata hasara, maana akiingia katika mabanda yao huwamaliza. Ndugu yake mwingine wa ukoo ule ule, Arthurdendyus triangulatus wa New Zealand, alionekana Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, mwaka 1963, na mashamba ya majani ya ng'ombe huko yamepungukiwa nyungunyungu kwa ajili yake. Ukishamwona mnyoo wa namna hiyo ndani ya udongo, hakuna dawa ya kumtoa nchi nzima. Dawa ni kumzuia asiingie, na njia yake ni ile ile ya siku zote: udongo wa vyungu.

Shida ya kuwatenga

Mlango huu wa Bipalium una jamaa nyingi zenye kichwa cha mwezi, na wataalamu hupata taabu kuwatenga. Mistari na rangi husaidia, lakini hudanganya pia. Wawili wenye mistari inayofanana waweza kuwa wa milango mbalimbali. Ili kupata hakika ilibidi kumkata mnyoo vipande vyembamba sana, vyembamba kuliko karatasi, kuvitia rangi, na kutazama viungo vyake vya uzazi kwa hadubini, yaani kioo cha kukuzia vitu vidogo. Hapo ndipo taabu ilipo. Mnyoo anayeongezeka kwa kukatika mara nyingi hana viungo hivyo kabisa! Ni kama karani akuombe jina la baba yako, nawe huna baba.

Mwaka 2002 Masaharu Kawakatsu wa Japani na wenzake waliweka mlango wa pekee kwa ajili ya hao wasiojulikana viungo vyao vya ndani, wakauita Diversibipalium. Tuseme ni chumba cha wageni: hukaa humo mpaka habari zao zijulikane. Siku hizi wataalamu husoma pia ADN, maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Kwa ADN hata kipande kisicho na kichwa hutaja ukoo wake.

Kazi hiyo haikufanywa na wataalamu peke yao. Katika Ufaransa minyoo ya vichwa vya jembe ilikuwako bustanini tangu mwaka 1999 au kabla, na kwa muda wa karibu miaka 20 hakuna mtaalamu aliyeandika habari zao. Jean-Loup Justine wa jumba la elimu ya viumbe la Paris alipoomba msaada, watu wa kawaida waliokuwa wakipalilia maua yao walipiga picha na kumpelekea. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitangaza waliyoyakuta. Mwaka 2022 wakaongeza aina mbili mpya. Moja yatoka Mayotte, kisiwa kilicho katika mafungu ya Komoro, kati ya Afrika na Madagaska: ina mgongo wa kahawia unaong'aa buluu na kijani, na jina lake ni Diversibipalium mayottensis. Ya pili, nyeusi na fupi, ilionekana Ufaransa na Italia. Waliiita Humbertium covidum, kwa ukumbusho wa watu waliopatwa na ugonjwa wa kovidi.

Ukimkuta

Katika misitu ya Afrika wamo planaria wa nchi kavu walio wenyeji, na wengi wao vichwa vyao havikutanuka. Hao waacheni, ni wa hapa. Ukimwona mwenye kichwa kama mwezi mwandamo, usimkate na usimshike kwa mkono mtupu, maana ute wake huweza kuwasha ngozi. Mchukue kwa jani au kijiti, umtie ndani ya chupa yenye kifuniko, umwonyeshe mwalimu. Anayetaka kumwua atumie chumvi au siki. Chumvi humvuta maji yote mwilini. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Wala usimtupie kuku.

Na mtu akikuletea mche toka mji wa mbali, inua chungu na utazame chini yake kabla ya kuupanda.

Kazi ya darasa

Jazeni chupa kubwa ya kioo udongo mweusi, kisha mchanga, kisha udongo mweusi tena. Tieni nyungunyungu watano na majani makavu juu. Nyunyizeni maji kidogo, funikeni chupa kwa kitambaa cheusi, na kuiweka kivulini. Baada ya majuma mawili ondoeni kitambaa, mchore mlichokiona katika daftari. Kisha warudisheni nyungunyungu shambani.

Maulizo

1. Kinywa cha mnyoo wa kichwa cha jembe kiko wapi? Mabaki ya chakula hutokea wapi?
2. Kwa nini mnyama asiye na damu sharti awe bapa au mwembamba?
3. Nyungunyungu ni wa taifa gani? Na tegu je? Taja mambo mawili yanayomtenga nyungunyungu na mnyoo wa kichwa cha jembe.
4. Moseley alimwita kewense. Kwa nini jina hilo halituonyeshi asili yake?
5. Mkulima amemkata mnyoo huyu mara tatu kwa jembe na kuviacha vipande shambani. Vipande ni vingapi? Eleza yatakayotokea.
6. Kwa nini wataalamu waliweka mlango wa Diversibipalium?